Anayeuliza Anadaiwa

Kila Idd ya kuchinja husimuliwa misikitini kisa cha Nabii Ibrahimu na mwanawe, na kila mwaka masikio yetu hukimbilia kisu na kondoo. Katikati ya kisa hicho lipo jambo dogo tunalolipita haraka. Katika Surat As-Saffat, aya ya 102, Ibrahimu anamweleza kijana ndoto aliyoiota, kisha anamtaka aangalie na aseme yeye anaonaje. Amri ilikwisha kushuka. Baba ni mtume, ndoto za mitume ni wahyi, na kijana ndiyo kwanza amefikia umri wa kufuatana na baba yake katika shughuli. Kama imewahi kuwepo siku ambayo mzazi angekuwa na haki ya kumfunga mtoto kamba bila kusema neno, ni siku hiyo. Ibrahimu akauliza. Wafasiri wameeleza kwamba aliuliza ili aupime uvumilivu wa kijana, na ili kijana naye apate thawabu ya kutii kwa hiari yake. Nalishika neno hilo la mwisho, hiari, kwa sababu ndilo linalokosekana tunapozungumza juu ya wanafunzi na uendeshaji wa shule zao, na kwa sababu pingamizi linalotangulizwa mara nyingi dhidi ya kuwapa wanafunzi sauti ni kwamba dini yetu na malezi yetu hayaruhusu.

Nje ya ofisi za shule nyingi za sekondari, Kenya na Tanzania, hutundikwa sanduku la maoni. Ni la mbao, lina mdomo mwembamba wa kutumbukizia karatasi na kufuli dogo, na aghalabu limewekwa pale anapopita mwalimu wa nidhamu. Mwanafunzi anayetaka kuandika kwamba maharage ya jana yalikuwa yamebunguliwa ana shida ambayo waliolitundika hawakuifikiria: atakayelifungua ndiye anayesahihisha madaftari yake kila siku, na mwandiko wake anaujua kama anavyoijua sauti yake. Basi ataandika kwa herufi kubwa, au kwa mkono wa kushoto, au ataacha. Hata akiandika, hajui karatasi yake imesomwa lini, wala nani ameisoma, wala lipi limeamuliwa. Jambo hilihili hutokea kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wanapopangwa mbele ya mgeni rasmi kughani ngonjera juu ya haki zao, ngonjera ambayo mwalimu ameitunga na mwalimu mkuu ameipitisha. Siku hiyo iliwekwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakiandamana kupinga kulazimishwa kusoma masomo yao kwa Kiafrikana. Inaumiza kuona kumbukumbu ya watoto waliosema neno lao wenyewe ikiadhimishwa kwa maneno ya watu wengine.

Dai langu ni hili. Kumuuliza mtu maoni yake si adabu tu ya mazungumzo. Ni tendo linalomfunga aliyeuliza. Anayeuliza anadaiwa. Anadaiwa jibu, tena jibu lenye sababu, na katika jambo ambalo bado halijaamuliwa anadaiwa pia utayari wa kubadili nia yake. Shule inayokusanya maoni na kunyamaza haijawapa wanafunzi sauti. Imewachukulia maneno yao bure, na imewafundisha, kwa vitendo ambavyo ni somo kuliko masomo yote, kwamba kusema hakuna maana.

Kenya imelilipia somo hilo kwa gharama kubwa mno. Mwezi Machi 2001, usiku, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Miaka miwili kabla ya hapo, huko Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa. Mwaka 2008 migomo ilienea katika mamia ya shule, na mwaka 2016, ndani ya miezi michache, zaidi ya shule 100 zilishuhudia mabweni yakiwaka. Mtafiti Elizabeth Cooper, katika makala aliyoichapisha mwaka 2014 kwenye jarida la African Affairs, alieleza kwamba wanafunzi wengi waliochoma shule hawakuwa wendawazimu wala hawakuiga tu. Walikuwa wamejifunza kutokana na historia ya nchi yao kwamba moto ndiyo lugha ambayo wakubwa huisikia. Barua hukaa, moto huleta waziri kabla ya saa sita mchana. Na wale viranja wa Nyeri tuwafikirie vizuri. Kiranja aliyechaguliwa na ofisi, anayelala chumba chake mwenyewe, anayeandika majina ya wenzake na asiyeweza kupeleka lolote juu kwa niaba yao, amewekwa mahali pa hatari na watu wazima. Amepewa sehemu ya mamlaka yao bila kupewa sehemu ya sauti ya wenziwe. Waliomwua ni wauaji, na hakuna hoja ya kuwapunguzia hilo, lakini tusisahau nani alimsimamisha pale.

Hata hivyo siutumii moto kama hoja yangu kuu, na ninawaonya wanaoutumia hivyo. Tukiwasikiliza wanafunzi kwa sababu tunaogopa viberiti vyao, basi tumewalipa wenye viberiti, na aliye mpole hatasikilizwa kamwe. Sauti inayotolewa kwa woga ni kitulizo, na kitulizo hukatwa hofu ikipungua. Moto unathibitisha kitu kimoja tu: njia nyingine zilikuwa zimezibwa. Kwa nini zizibuliwe, hilo halitokani na moto bali linatokana na haki, na haki hiyo ingekuwepo hata kama katika Afrika Mashariki yote lisingeungua godoro moja. Serikali ya Kenya ilipiga hatua za kweli. Mwaka 2009, ikishirikiana na chama cha walimu wakuu na UNICEF, ilianza kueneza mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa baraza hilo kiti kwenye bodi ya usimamizi ya shule. Ni hatua kubwa. Lakini kiti si sauti. Mtoto wa miaka kumi na sita anayeketi mezani pamoja na wawakilishi wa wazazi, wa walimu na wa wafadhili, akiwa na ajenda ambayo hakuiandika na akijua kwamba barua ya tabia njema itaandikwa na mmoja wa waliomzunguka, atasema nini zaidi ya ahsante?

Sasa nirudi kwenye pingamizi la heshima, kwa kuwa ndilo lenye nguvu na ndilo linalotoka moyoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wamesema wazee, na mtoto anayezoea kubishana na walimu kesho atabishana na mama yake. Jamii zetu zinasimama juu ya heshima ya mdogo kwa mkubwa. Ukiing'oa nguzo hiyo kwa jina la haki, umebomoa nyumba ambayo mtoto mwenyewe analala ndani yake. Nalikubali zaidi ya nusu ya hoja hii. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1990, unamwekea mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake, jambo ambalo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka uliotangulia haukumwekea. Lakini mkataba huohuo wa Addis Ababa unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika shauri linalomhusu. Walioandika hawakuona mgongano, nami siuoni. Heshima ni namna ya kusema. Haijawahi kuwa amri ya kutosema. Methali yenyewe inamtaka mdogo alisikie la mkuu. Haisemi mkuu asisikie la mdogo.

Na dini zetu? Sahih Bukhari inasimulia kwamba Sayyidna Umar, alipokuwa khalifa, alikuwa akimwingiza kijana Ibn Abbas katika baraza pamoja na wazee waliopigana vita vya Badr. Baadhi ya wazee waliudhika, wakauliza kwa nini huyu anaingizwa nao wana watoto wa rika lake. Umar hakuwakemea. Aliwauliza wote maana ya Surat An-Nasr, na kijana ndiye aliyetambua kwamba sura hiyo ilikuwa inabashiri kukaribia kwa kifo cha Mtume (S.A.W.). Upande wa Ukristo, katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliandika kanuni ya watawa ambayo utii ndio uti wake wa mgongo. Kwa kengele zake, vyumba vyake vya pamoja na zamu zake za jikoni, shule zetu za bweni ni wajukuu wa nyumba za watawa hao. Katika sura ya 3 ya kanuni hiyo, abati anatakiwa, penye jambo kubwa, awaite ndugu wote washauriane, na sababu anayoitoa Benedikto ni kwamba mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo zaidi lililo bora. Uamuzi unabaki kwa abati, na watawa wanatii. Aliyetunga utii mkali kuliko wa shule yoyote ya leo hakuona kwamba kusikiliza kunaupunguza.

Mtu makini atanijibu kwamba Ibn Abbas alikuwa kipaji cha pekee, na shule zimejaa watoto wa kawaida. Mwaka 1859 John Stuart Mill, mtetezi mkubwa wa uhuru wa mtu kuamua mambo yake, aliwatenga watoto waziwazi: kanuni yake ni ya waliokomaa kiakili, na wengine walindwe hata dhidi ya matendo yao wenyewe. Ni kweli mwanafunzi wa kidato cha pili hajui mtaala wa kemia unavyopangwa, na sipendekezi aupange. Lakini kuna elimu nyingine ambayo yeye ndiye mwenye nayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni nani anayejua kwamba taa ya njia ya chooni imeungua tangu muhula uliopita, kwamba wasichana wa madarasa ya chini hawanywi maji jioni ili wasilazimike kutoka usiku, kwamba mwalimu fulani huita watu ofisini kwake mmoja mmoja baada ya saa kumi na mbili? Mkaguzi hukaa siku moja. Mwalimu mkuu hurudi nyumbani. Mambo haya yanajulikana na wale tunaowaambia hawajui kitu, na tusipoyasikia kwao hatuyasikii kabisa. Mill aliwatenga watoto ili walindwe. Nasema hawawezi kulindwa na mtu asiyewauliza.

Lipo pingamizi gumu zaidi, na limo ndani ya kisa nilichoanza nacho. Ibrahimu aliuliza, ndiyo, lakini jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na Mungu. Je, swali lake si mfano wa hilihili ninalolilaumu, kuuliza bila nia ya kubadilika? Nimelitafakari, na nadhani tofauti iko hapa: Ibrahimu hakumficha mwanawe kitu. Alimweleza kwanza ndoto yote, kijana akajua kwamba ni amri, naye akajibu akijua hivyo. Katika shule pia yako mambo ambayo mwalimu mkuu hawezi kuyabadili: tarehe za mtihani wa taifa, ada iliyopangwa na wizara, marufuku ya kufunga mlango wa bweni kwa nje. Hapo wanafunzi wanadaiwa maelezo ya kweli, na nafasi ya kusema yanavyowagusa. Uovu unaanza pale jambo lililofungwa linapowasilishwa kana kwamba liko wazi: mkutano unaitishwa, mikono inanyooshwa, kumbe sare mpya zilishaagizwa kwa fundi. Huo ni uongo, na dini hazina mashaka juu ya uongo.

Na kwa mambo yaliyo wazi kweli, upo mfano mwingine katika Sunna, nao ni mfupi. Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikaa mvulana, kushotoni wazee. Desturi ni kuanzia kulia, lakini heshima ya wazee ilijulikana, basi akamwomba mvulana ruhusa awape wazee kwanza. Mvulana akakataa, hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Mtume akakitia chombo mkononi mwake. Wazee wakangoja. Nadhani kisa hiki kina maana kubwa kuliko vitabu vingi vya uongozi wa shule, kwa sababu ruhusa iliombwa, ikakataliwa na mtoto mbele ya watu wazima, na kukataa kwake kukafuatwa. Hakuambiwa kwamba ametia aibu, wala hakuombwa mara ya pili kwa sauti ya ukali. Palipokuwa na haki yake, swali lilikuwa swali.

Siwezi kuendelea bila kuikabili St. Kizito. Mwezi Julai 1991, katika shule hiyo ya mchanganyiko huko Meru, wavulana walitaka kugoma na wasichana wakakataa kujiunga nao. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana. 71 walibakwa na 19 wakafa. Anayesema sauti ya wanafunzi kana kwamba ni moja aikumbuke idadi hiyo. Wanafunzi nao wana wenye nguvu na wanyonge, na wingi wa kura unaweza kuwa rungu. Ndiyo maana siamini kwamba suala linakwisha kwa kuwaachia wanafunzi wajitawale. Sauti ya kweli inahitaji utaratibu unaomlinda aliye peke yake, na utaratibu hujengwa na watu wazima wasiojitoa. Janusz Korczak, daktari aliyeongoza nyumba ya mayatima wa Kiyahudi mjini Warsaw tangu mwaka 1912, aliunda mahakama ambamo watoto walihukumu mashauri ya wenzao, na sehemu kubwa ya vifungu vya sheria yake ilikuwa ya kusamehe. Walimu walishitakiwa humo pia. Yeye mwenyewe, katika nusu mwaka, alijipeleka mbele ya mahakama hiyo mara tano. Mara moja kwa kumpiga mtoto kofi sikioni, mara nyingine kwa kumshuku msichana wizi. Hakupoteza mamlaka. Mwezi Agosti 1942 Wanazi walipowachukua watoto kwenda kuuawa Treblinka, alikataa kuachana nao, akaenda nao.

Ni mengi kumtaka mwalimu wa Afrika Mashariki afanane na mtu huyo, na hapa walimu wana haki ya kulalamika. Mtaala hubadilishwa kwa waraka, uhamisho huja kwa barua, darasa limefurika, na hakuna aliyemuuliza yeye. Asiyesikilizwa huona uchungu kuambiwa asikilize. Lakini hiyo ni sababu ya kuanza, tena mahali pale ambapo uwezo wake unafika, na mahali hapo pameshaonyeshwa zamani. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe jamii za walimu na wanafunzi zinazozalisha sehemu ya chakula chao, na alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba, waone hesabu, na washiriki kuamua mapato yatumikeje. Mahali pengi jembe lilimfikia mwanafunzi na daftari la hesabu likabaki ofisini. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kibarua. Daftari hilo bado linaweza kutolewa. Liwekwe ukutani karibu na dirisha la jiko, magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka, bei gani, na chini yake yaandikwe yaliyoulizwa na baraza mwezi uliopita, yaliyojibiwa na tarehe ya jibu, pamoja na yale yaliyokataliwa na kwa nini yamekataliwa. Hapana yenye sababu ni malipo halali ya deni. Mwanafunzi anaweza kuishi na hapana ya namna hiyo, na anaweza kuirudia mwaka unaofuata akiwa na hoja bora.

Anayeogopa kwamba yatakayosemwa yatamgusa yeye mwenyewe hajakosea, yatamgusa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, hekaluni Shilo, mzee Eli macho yamepungua nuru, na sauti ya Mungu usiku inamwita Samweli, mtoto anayemtumikia. Watoto wa Eli, makuhani, walikuwa na mtumishi aliyekuja nyama inapochemka na uma wa meno matatu, akautia chunguni na kuwachukulia chochote kilichonasa, na watu waliokuja kutoa sadaka hawakuwa na la kufanya. Baba aliwakanya kwa maneno, basi. Asubuhi Samweli akafungua milango ya hekalu kama kawaida yake, akaogopa kusema, kwa sababu alichokisikia kilikuwa hukumu ya nyumba ya mzee aliyemlea. Eli ndiye aliyemwita, na akamwapiza asimfiche hata neno moja. Kijana akasema yote, pamoja na lile la wana wa Eli. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, na hakumwambia kwamba ni mtoto.